Mgongo Wazi na Kalenda ya Chungu cha Obunga

Samaki anayeingia Obunga huingia akiwa hana mnofu. Ameshapita kiwandani, kisu kimemchana kutoka shingoni hadi mkiani, upande huu kisha upande ule, na vipande viwili vinono vimepangwa kwenye barafu tayari kwa safari ya ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia na nyama iliyong'ang'ania katikati ya mifupa. Kisumu nzima inamwita mgongo wazi. Ukiuliza ni wapi hukaangwa kwa wingi na kwa ustadi, utaelekezwa kwenye mtaa mmoja wa mabanda ulio kaskazini mwa katikati ya jiji, jirani na Kondele.

Anayepita Obunga kwa haraka huona moshi na umaskini. Vyote vipo. Lakini anayetulia akatazama kinachoingia na kutoka kwenye sufuria mwaka mzima ataona na jambo jingine: mtaa huu usio na shamba wala ufuo una kalenda yake ya chakula, na kalenda hiyo inafuatwa. Kuna miezi ya mboga chungu na miezi ya omena adimu. Kuna siku za kumbikumbi. Kuna wakati wa mahindi mabichi na wakati wa viazi vitamu. Hata mgongo wazi, unaotoka kwenye viwanda visivyojua jua wala mvua, una majira yake.

Desturi hizi za kula kwa majira zilizaliwa mashambani na ufuoni mwa Ziwa Viktoria, zikisimamiwa na wazee wa boma. Mjini zimepata walinzi wapya, nao ni wanawake wa sokoni na wa karaini. Kazi wanayoifanya ya kutunza utamaduni ni kubwa kuliko sifa wanazopewa, na jiji la Kisumu lina deni kwao.

Sauti ya karai

Asubuhi mikokoteni na pikipiki hushusha mizigo. Samaki mwenyewe ni mbuta, na anayeruhusiwa kupokewa kiwandani ni mwenye urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, kwa hivyo migongo hiyo si midogo. Mingine haienei karaini mpaka ikatwe vipande viwili. Minofu ikishatolewa, nusu ya uzito wa samaki, na mara nyingi zaidi ya nusu, hubaki kwenye kichwa, mifupa na ngozi. Hicho ndicho wanawake wanachonunua kwa jumla, wakagawana kulingana na mtaji wa kila mmoja.

Kazi huanza kwa kisu na maji. Kichwa hupasuliwa katikati. Matamvua hung'olewa, maana ndiyo yanayotangulia kuoza. Damu iliyoganda kando ya uti husuguliwa mpaka iishe. Kisha migongo hutandazwa juani, juu ya vichanja au nyavu kuukuu, mpaka nyama ikauke na kukaza kwa nje. Hapo ndipo mkaangaji hodari anapoachana na anayebahatisha. Mgongo unaotumbukizwa karaini ukiwa mbichi hurusha mafuta, hugandia chini na kuvunjika. Uliokauka vizuri hutoka mzima, wenye rangi ya kahawia, na unaweza kukaa siku kadhaa bila jokofu. Kwa nyumba isiyo na umeme wa kutegemewa, hilo si jambo dogo.

Mafuta yenyewe mara nyingi hutoka kwa samaki huyohuyo. Mbuta ni samaki mnono, na mafuta ya tumboni mwake huyeyushwa motoni, yakachujwa, yakarudi karaini kumkaanga. Karai pana hutegwa juu ya mafiga na kuni huchochewa. Mkaangaji haangalii saa. Anasikiliza. Migongo ikitumbukia, mafuta hupiga kelele kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani ya nyama. Kelele hizo hushuka kidogo kidogo, na zinapokuwa mchemko mdogo tu, maji yamekwisha na samaki ameiva. Akiachwa zaidi ya hapo, mifupa huwa michungu. Akitolewa mapema, hatafika kesho.

Jioni, bidhaa hii hujipanga kwenye meza za mbao kando ya njia. Fundi wa ujenzi anayerudi nyumbani hununua mgongo mmoja, nyanya mbili na kitunguu. Nyumbani utarudishwa kwenye sufuria, uchemke na rojo mpaka mifupa iachilie utamu wake, kisha uliwe na ugali. Kichwa kina wapenzi wake, wanaojua kutafuta nyama ya mashavu na ile iliyojificha nyuma ya jicho. Watoto hupenda mkia, ambao ukikaangwa vizuri hutafunwa wote, na mifupa yake myembamba huwapa madini ya kukuza mifupa yao wenyewe. Hapa hakitupwi kitu.

Majira huingilia kati kwa njia hii. Januari na Februari ni kiangazi, ambacho Waluo hukiita oro. Jua la Kisumu wakati huo ni kali, migongo hukauka kabla ya adhuhuri na kuni hushika moto mara moja. Machi hadi Mei ni masika, yaani chwiri. Samaki hutandazwa na kukusanywa mara kadhaa kwa siku moja, kuni hufuka badala ya kuwaka, moshi huyachoma macho na kukaza vifua, na mzigo usiokaangwa siku hiyohiyo ni hasara. Kiwanda kinaweza kuchana samaki mwezi wowote. Jua ndilo linaloamua nani Obunga atapata faida.

Ziwa lililobadilisha mlo

Mgongo wazi ni chakula cha juzi tu. Wazee waliokulia kandokando ya Ghuba ya Winam walilelewa kwa samaki wengine kabisa: ngege na mbiru, ambao ni jamii ya sato, kamongo na mumi wa matopeni, ningu wa mitoni, seu, okoko, na fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi waliokuwa kitoweo cha kila siku cha mtu wa kawaida. Kila mmoja alikuwa na msimu wake na njia yake ya kupikwa.

Ningu ndiye aliyeonyesha majira kwa uwazi zaidi. Mvua kubwa zilipoanza na mito ikafura, aliacha ziwa akapanda mto Nzoia, Yala, Nyando au Sondu Miriu kwenda kutaga mayai kwenye maji ya mafuriko. Watu wa mitoni walimsubiri kwa uzio wa miti na matete uitwao kek, uliokatiza mto na kuachiwa milango yenye mitego. Walikula, wakakausha, wakabadilishana samaki kwa nafaka na majirani wa milimani. Uzio ulivuliwa kwa zamu na kwa masharti ya koo zenye mto. Ulikuwa msimu, nao ulikuwa na mwisho.

Kisha mambo yakafuatana kwa kasi. Reli ilifika ufuoni mwaka 1901, na soko la samaki likawa refu kama reli yenyewe. Mwaka 1905 nyavu za kisasa za makila zilianza kutumika katika ghuba hii. Miaka ya baadaye zilitegwa kwenye midomo ya mito na kunasa ningu wakiwa na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1960 msafara wao mkubwa ulikuwa umevunjika. Ngege naye alipungua mpaka akakaribia kutoweka katika ziwa lenyewe. Leo anapatikana kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, kaunti ya Siaya.

Mbuta alitiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu hakuonekana sana. Miaka ya 1980 alilipuka, akawala fulu kwa mamia ya aina zao, na wavuvi wakajikuta na samaki mkubwa kuliko mitumbwi yao ilivyozoea. Mwanzoni watu wa ufuoni hawakumpenda. Mafuta yake yalimfanya asikauke vizuri juani kama ngege, na ukubwa wake haukufaa chungu cha nyumbani. Lakini Ulaya ilimpenda. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu, Homa Bay na Migori, na bei ya mbuta mzima ikapanda ikampita mwananchi. Mgongo wazi ulizaliwa hapo: mnofu ulienda uwanja wa ndege, mifupa ikaenda Obunga.

Mwenendo wa biashara hiyo ulionekana wazi kati ya mwaka 1996 na 2000, Ulaya ilipofunga milango kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa vipindi, kwa hofu ya vijidudu, kipindupindu na sumu za kuulia samaki. Hispania na Italia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia kukataa. Bei ufuoni ilianguka. Wavuvi waliumia, na mbuta aliyekuwa wa wageni akarudi kuwa kitoweo cha wenyeji mpaka milango ilipofunguliwa tena.

Mvua ya kwanza na mkono wa kwanza

Katika boma la Mluo, chwiri haikuanza kwa kila mtu kushika jembe lake. Kuna utaratibu wa kutoa mbegu, uitwao golo kodhi. Mwenye boma na mkewe wa kwanza, mikayi, hupanda kwanza. Wake wengine hufuata kwa ngazi zao, kisha wana wa kiume kwa kufuata kuzaliwa kwao. Kumtangulia mkubwa ni kujiletea chira, balaa la kudhoofika linalompata avunjaye mwiko. Mavuno nayo huonjwa kwa mpangilio huohuo. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliziandika desturi za aina hii katika kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, na mpaka leo zipo familia zinazozigombania vikali kila Februari inapokwisha.

Obunga hakuna mahali pa kutoa mbegu. Nyumba zimebanana, na kipande kilichobaki hupitisha maji machafu. Hata hivyo wengi wa wakazi wana dala, nyumbani kwao mashambani, na mvua inapokaribia simu hupigwa kuuliza kama mama mkubwa amekwisha kupanda. Mtoto wa pili aliye mjini hutuma pesa za mbegu na akasubiri zamu ya kaka yake.

Kinachofika mtaani ni mboga. Hakuna kitu kinachotangaza chwiri sokoni kama mafungu ya kijani yanayoteremshwa alfajiri kutoka kwa matatu za barabara ya Kakamega na za upande wa Siaya: osuga, ambayo wengine huiita mnavu; dek, yaani mgagani; boo, majani ya kunde; apoth, ambayo ni mlenda; susa, majani ya malenge; ododo, ambayo ni mchicha; na mitoo. Wauzaji wengi ni Waluhya kutoka Vihiga na wanunuzi wengi ni Waluo, na biashara hiyo ya jirani kwa jirani ni kongwe kuliko jiji. Kabla ya reli, watu wa ziwani walipanda milimani na samaki na vyungu kutafuta nafaka wakati wa njaa, nao wa milimani walishuka kwa haja hiyohiyo.

Namna osuga inavyopikwa yafaa ielezwe polepole, kwa sababu ndiyo inayopotea kwa haraka zaidi. Majani huchambuliwa, vijiti vigumu vikatupwa, yakachemshwa mpaka yalegee. Uchungu wake ni mkali siku ya kwanza. Mpishi mwenye subira humimina maziwa, akaiacha mboga kwenye chungu, na kesho yake huipasha moto tena na kuongeza maziwa kidogo. Siku ya pili au ya tatu uchungu umetulia na kuwa ladha, maziwa yameingia ndani ya jani, na juu huongezwa kijiko cha mo, samli ya kienyeji. Dek hupikwa kwa heshima hiyohiyo. Apoth hutaka magadi au maji yaliyochujwa kwenye majivu, ili ilainike na iteremke na tonge. Wengi huchanganya mboga chungu na mboga pole, osuga na ododo kwa mfano, na kila nyumba ina kipimo chake.

Mboga hizi zilidharauliwa kwa miaka mingi. Shuleni na hospitalini zilisifiwa kabeji na sukumawiki, na mnavu ukaitwa magugu. Aliyefanya kazi kubwa kuligeuza wazo hilo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya ambaye utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akakua kwa mboga za kienyeji. Utafiti wake umeonyesha utajiri wa madini na vitamini uliomo ndani ya majani yaliyoitwa chakula cha maskini. Leo hoteli za Nairobi huyauza kwa bei ya juu. Obunga haikuwahi kuacha kuyala.

Mvua hiyohiyo huleta ng'wen, kumbikumbi. Baada ya manyunyu ya alasiri, kichuguu hufunguka na wadudu wenye mbawa humiminika. Vijijini watu hukijua kila kichuguu na mwenyewe, hujenga kibanda kidogo cha vijiti na blanketi juu yake, wakachimba shimo la kuwanasia. Wengine hugonga debe na miti kuiga sauti ya mvua ili watoke mapema. Zipo aina za kutoka alasiri, kama agoro, na nyingine za usiku. Hukaangwa bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta ya kutosha, hutiwa chumvi, kisha hupepetwa mbawa ziruke. Waluhya huwaita tsiswa na huwapenda sawasawa. Obunga hufika wakiwa wamepimwa kwa vikombe, na hawakai sokoni. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, huko Bondo, kina kituo kinachochunguza wadudu kama chakula cha kesho, jambo ambalo bibi zetu walilifanyia kazi kila masika.

Miezi minne ya omena adimu

Wakati huohuo wa mvua, omena huadimika. Sheria ya Kenya hufunga uvuvi wake tangu Aprili hadi Julai, ili samaki huyo mdogo wa fedha apate kuzaliana. Kwa kawaida huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowekwa majini kumvutia. Ukisimama ufuoni usiku wa namna hiyo msimu ukiwa wazi, taa huenea mpaka upeo wa macho. Alfajiri omena hutandazwa juu ya nyavu mchangani, na jua likiwa zuri huwa tayari jioni.

Mama wa Obunga huuona msimu wa kufungwa kwenye gorogoro. Bei hupanda, kipimo hupungua, na wanaouza huleta akiba ya zamani iliyoanza kuvunjika au omena wa kutoka nchi jirani, ambako Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene. Hapo ndipo utaona jinsi mlo wa mtaa unavyojisawazisha. Omena ikipotea, mboga zimejaa. Mboga zikikauka Januari, omena na migongo hukauka vizuri juani. Aliyeishi kwa mpango huu haumizwi na mwezi mmoja mbaya.

Mzigo wa sheria hii hauwaangukii wote kwa usawa. Mwenye mashua anaweza kubadilisha nyavu. Mwanamke anayekausha na kuuza hana cha kubadilisha ila madeni. Pia sehemu kubwa ya omena inayovuliwa haifiki sufuriani kwa binadamu. Huenda kusagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na viwanda hivyo sasa hununua hata migongo. Kitoweo cha bei nafuu kuliko vyote ziwani kinagombaniwa na kuku.

Julai hadi Agosti mavuno huingia, na Agosti uvuvi wa omena hufunguliwa. Chakula cha Agosti ni nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tamu kupita kawaida mahindi yakiwa mapya. Kuon, yaani ugali, hurudi kwenye asili yake kwa waliobahatika kuletewa mtama au wimbi kutoka dala: mweusi, mzito, wenye harufu ya shamba. Septemba hadi Novemba ni vuli, opon, na viazi vitamu, rabuon, huwa chai ya asubuhi bila mkate. Ng'wen wa aina nyingine hutoka tena.

Desemba mtaa huhama. Matatu hujaa kuku waliofungwa miguu, unga wa ngano wa chapati na mchele wa Ahero. Dala, ng'ombe au mbuzi huchinjwa, na nyama isiyoliwa hukatwa vipande virefu na kuanikwa iwe aliya, ambayo itapikwa Januari kwa samli na maziwa wakati mifuko imetoboka. Samaki waliopasuliwa na kukaushwa, obambla, hurudi mjini kwenye mifuko ya waliokwenda likizo. Kwa njia hiyo kiangazi huingia Obunga kikiwa na akiba yake.

Walichofanya watu wa Sicily

Ng'ambo ya Bahari ya Kati, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, wapo watu walioshikilia kalenda ya chakula kwa ukaidi wa kupigiwa mfano. Kila tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lucia, mji wa Palermo huacha mkate na tambi, ukala cuccìa, ngano nzima iliyochemshwa. Masimulizi ya kisiwani yanasema njaa ya mwaka 1646 ilipokithiri, meli ya nafaka ilitia nanga, na watu hawakuweza kungoja kusaga. Waliichemsha ikiwa punje. Karibu karne nne baadaye bado wanaila kwa siku moja kila mwaka, kuikumbuka njaa na kushukuru. Mluo anayekula nyoyo ataielewa sahani hiyo bila mkalimani.

Tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, huliwa tambi kwa dagaa na shamari pori, wakati vyote viwili viko kwenye msimu wake, na juu hunyunyizwa makombo ya mkate yaliyokaangwa, kwa kuwa maskini hakuwa na jibini. Na mitaani Palermo huuzwa mkate uliojazwa wengu na mapafu ya ndama, viungo ambavyo matajiri hawakuvitaka. Leo wageni husafiri kutoka mbali na kupanga foleni kuula.

Watu wa Sicily hawakungoja mtu wa nje awaambie kwamba masalio yao ni chakula. Waliyaweka kwenye sikukuu zao, wakayapa majina, wakayala hadharani bila haya. Sisi huku mara nyingi tumeacha wengine watusimulie. Mwaka 2004 filamu ya Mwaustria Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliionyesha dunia wanawake wa Mwanza, Tanzania, wakianika migongo ya samaki, wanayoiita mapanki, kama kilele cha aibu ya biashara ya minofu. Jakaya Kikwete, aliyekuwa rais wa nchi hiyo, aliilalamikia hadharani mwaka 2006. Ukosefu wa haki uliokuwa kwenye biashara hiyo ulikuwa wa kweli, na bado upo. Lakini wanawake wale walionyeshwa kama watu wa jalalani, wakati walichokuwa wakifanya ni kazi ya ujuzi inayolisha mji. Mambo haya mawili yanaweza kusemwa pamoja: ni dhuluma mnofu wote kupaa na mwenye ziwa kubakiwa na mfupa, na ni ufundi wa hali ya juu kuugeuza mfupa huo kuwa mlo unaotamaniwa.

Deni la jiji

Kalenda ya Obunga imeanza kutikisika. Mvua hazifiki zilipozoea kufika. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu mwaka 1964, likameza fuo na vichanja. Mbuta amepungua, viwanda kadhaa vimefungwa, na migongo inayobaki inagombaniwa na wasagaji wa chakula cha mifugo. Vijana wanaozaliwa mtaani wanajua chipsi kabla ya kujua dek, na msichana aliyekua bila bibi jikoni hana wa kumwambia kwamba osuga hutaka siku mbili.

Mambo ya kufanya si ya ajabu. La kwanza ni mazingira ya kazi. Wakaangaji wa Obunga wanahitaji paa la pamoja, maji safi ya bomba, mifereji, na majiko yenye dohani yanayopeleka moshi juu badala ya machoni. Wanahitaji vichanja vilivyoinuliwa na kufunikwa kwa nailoni angavu, vinavyokausha samaki hata siku za manyunyu na kuzuia nzi. Wanahitaji pia mafunzo na vifaa vya kupima mafuta yaliyotumika kupita kiasi, kwa afya yao na ya walaji. Haya yote ni ya gharama ndogo ukilinganisha na fedha zinazomwagwa kwenye makongamano ya uchumi wa samawati.

La pili ni kuwalinda wanawake wa omena miezi ya kufungwa. Msimu huo ni wa lazima, na anayelipenda ziwa hatauombea ufutwe. Lakini serikali inayofunga ziwa kwa miezi minne inajua tarehe mapema. Inaweza kupanga mikopo nafuu na maghala ya kuhifadhi omena kavu kabla ya Aprili, badala ya kuwaachia wakopeshaji wa riba.

La tatu ni la kila nyumba, na la shule. Watoto wa Kisumu wale osuga, dek, omena na nyoyo katika mlo wa shule kwa kufuata miezi yake. Mpishi wa shule akialikwa kutoka mtaani kuja kufundisha, ujuzi utakuwa umepata kizazi kingine. Desturi ya chakula haitunzwi kabatini. Hutunzwa kwa kupikwa na kuliwa, na kwa mtoto kusimama karibu na jiko akisikiliza mafuta yanavyobadilika sauti.

Kisumu inapenda kujiita jiji la samaki. Wageni hupelekwa kula sato mzima kwenye mikahawa ya ufuoni, nayo ni sahani nzuri. Lakini historia ya ziwa hili, uroho uliolikumba na akili iliyowawezesha watu wake kuvumilia, vimo ndani ya mgongo wazi kuliko ndani ya sahani nyingine yoyote. Jiji likitaka kujivunia chakula chake kwa haki, lisianzie kwenye menyu za hoteli. Lianzie Obunga, kwa bomba, paa na majiko, na liwe limemaliza kabla ya mvua za Machi.